Msiking'oe Kile Kidude: Kruzi ya Kiwandani Kwenye Magari ya Misuli ya Marekani

Hotuba kwa mafundi na wapenzi wa magari ya zamani

Ndugu zangu mafundi, wenye magari, na vijana mliokuja kusikiliza, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie kitu ambacho wengi wetu tukikikuta chini ya boneti ya gari la zamani tunakifungua, tunakitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, kazi inaendelea. Nimekuja kuwaomba msikitupe. Nasema juu ya kruzi kontroli, kifaa kinachoshika mwendo mguu ukiwa umepumzika, ile iliyofungwa kiwandani kwenye magari ya misuli ya Marekani, yaani magari ya injini kubwa na nguvu nyingi, ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Najua mtu atauliza: gari la misuli na kruzi, wapi na wapi? Tukisema GTO, Camaro, Mustang au Charger, kinachokuja kichwani ni moshi wa matairi na mbio za robo maili, gari likiondoka kwenye taa kwa kishindo. Picha hiyo ni ya kweli. Lakini chukueni karatasi za bei za wakati ule, zile ambazo mteja aliwekewa mbele na muuzaji ili atie alama kwenye anachotaka. Humo humo mlimoandikwa injini kubwa na difu ya mbio (difu ni gia za ekseli ya nyuma), mistari michache chini yake, pameandikwa kifaa cha kushika mwendo. Kiwanda hakikuweka kitu kwenye orodha kwa kujifurahisha. Kulikuwa na watu waliokitaka, na mimi nawaheshimu sana watu hao, kwa sababu wao ndio walioyaishi magari haya kila siku, kwenda kazini, kwenda kuwaona wazazi, kuvuka majimbo.

Kabla ya kufika huko, lazima nimtaje Ralph Teetor. Alizaliwa mwaka 1890 Hagerstown, mji mdogo wa Indiana. Akiwa na miaka 5 kisu kilimuumiza jicho, na haukupita muda mrefu akapoteza uwezo wa kuona kabisa. Akasoma hivyo hivyo. Mwaka 1912 akahitimu uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza akafanya kazi ya kusawazisha rota za mitambo ya mvuke ya manowari, kazi inayotaka vidole vinavyousikia mtetemo mdogo kabisa. Baadaye akawa rais wa Perfect Circle, kampuni iliyotengeneza ringi za pistoni, na mwaka 1936 akawa rais wa SAE, chama cha wahandisi wa magari wa Marekani. Huyo ndiye aliyetuletea kruzi: mtu ambaye hakuwahi kuiona dashibodi.

Inasimuliwa kwamba alikuwa akipakiwa na wakili wake, Harry Lindsey. Lindsey akiongea, gari linapungua mwendo. Akinyamaza ili asikilize, gari linachomoka. Sisi tunaoona tungetazama barabara na kusahau. Teetor hakuwa na barabara ya kutazama. Kila kuvutwa na kila kusukumwa alikusikia mgongoni. Kisha vikaja Vita Kuu vya Pili, na serikali ikaweka kikomo cha maili 35 kwa saa nchi nzima, kama kilomita 56, ili kuokoa matairi na petroli. Sasa kushika mwendo mmoja kukawa jambo la taifa. Teetor aliendelea kukiunda na kukiboresha kifaa chake, na mwaka 1950 akapewa hataza.

Jambo moja kuhusu kifaa kile cha mwanzo linafaa kusemwa hapa, maana wengi wenu mmekulia Kenya na Tanzania. Mnazikumbuka spidi gavana za matatu, zile zilizolazimishwa Kenya mwaka 2004 enzi za waziri John Michuki, mwisho kilomita 80 kwa saa. Wazo la kwanza la Teetor lilikuwa jirani ya hilo. Dereva alichagua mwendo, na akiufikia, pedali ya mafuta ilianza kumsukuma mguu kumwambia basi. Tofauti ni kwamba akitaka kulipita lori aliweza kukanyaga zaidi na gari likamtii. Kushika mwendo lenyewe, mguu ukiwa chini kwenye zulia, kulikuja kuongezwa juu ya hapo.

Majina yalipita mengi: Speedostat, Controlmatic, Touchomatic, Pressomatic. Chrysler wakawa wa kwanza kukiuza kwenye magari yao, mwaka wa modeli 1958, kwenye Imperial na ndugu zake wakubwa, wakakiita Auto-Pilot. Cadillac walifuata muda mfupi baadaye, na jina lao, Cruise Control, ndilo lililobaki midomoni mwa watu hadi leo.

Haya, tuje kwenye misuli.

Katikati ya miaka ya 1960 kifaa kilishuka kutoka kwenye magari ya matajiri kikafika kwenye magari ya vijana. Chevrolet walikiandika kwa namba K30. Camaro ya mwaka wa kwanza, 1967, yenye V8, injini ya silinda nane, ilianzia dola 2,572, na K30 iliongeza kama dola 50. Mwaka huo huo Ford waliiweka kwenye orodha ya Mustang kwa dola 71 hivi. AMC, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, waliiita Cruise-Command. Dodge na Plymouth hawakujisumbua na jina la kupendeza. Waliandika tu kwamba ni kidhibiti mwendo cha otomatiki. Na kwenye orodha hizo mtakuta sharti linalojirudia kila ukurasa: lazima injini iwe V8, na lazima gia ziwe otomatiki.

Sharti la gia lina sababu ambayo fundi yeyote ataielewa papo hapo. Gari la gia za mkono likiwa kwenye kruzi, dereva akakanyaga klachi, mzigo wote unaondoka kwenye injini. Mwendo unaanza kushuka, na kifaa hakijui kwamba klachi imekanyagwa. Kinachojua ni kwamba gari linapungua, hivyo kinavuta mafuta zaidi. Injini inapaa hadi inalia. Dawa yake ni swichi kwenye klachi, na ilikuja baadaye. Kwa hiyo mtu akikuonyesha Camaro Z/28, lile toleo la mbio, ya 1967, 1968 au 1969 na kukuapia kwamba kruzi yake ni ya kiwandani, mwambie kwa upole kwamba Z/28 za miaka hiyo zilitoka na gia nne za mkono, otomatiki haikuwepo. Hiyo kruzi imefungwa na mtu.

Sasa naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, maana hapa ndipo ninapokipenda. Nitaeleza ule mfumo wa General Motors, wenye Chevrolet, Pontiac na Oldsmobile, wa mwisho wa miaka ya 1960, kwa kuwa ndio tunaokutana nao mara nyingi kwenye gereji.

Hakuna kompyuta. Kebo ya spidomita inatoka kwenye giaboksi, lakini badala ya kwenda moja kwa moja kwenye dashibodi, inaingia kwanza kwenye kiboksi kilicho upande wa dereva, kisha kebo ya pili inatoka hapo kwenda kwenye spidomita. Kebo mbili badala ya moja: ishikeni hiyo, nitairudia. Ndani ya kiboksi mna vizito vidogo vinavyozungushwa na kebo. Gari likiongeza mwendo, vizito vinatawanyika kwenda nje, kama sketi ya mchezaji ngoma inavyofunguka anapozunguka. Mwendo ukipungua vinarudi ndani.

Dereva anafika maili 60, anabonyeza kitufe kilicho mwishoni mwa kijiti cha indiketa, anaachia. Wakati huo huo solenoidi, yaani sumaku ya umeme, inafunga klachi ndogo ndani ya kiboksi, na kuanzia hapo kila vizito vinapojongea, vinaujongeza pamoja navyo mrija mwembamba unaopitisha hewa. Mrija huo ndio unaoamua vakyumu kiasi gani, ule mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya injini, iende kwenye kopo lenye kiwambo cha mpira. Kopo limeunganishwa na mkono wa kabureta, ile inayoipa injini petroli na hewa, kwa mnyororo mwembamba wa shanga, kama ule wa kuwashia taa za zamani. Gari likikuta mlima na kupungua, vizito vinarudi ndani, vakyumu inaongezeka kwenye kopo, kiwambo kinavuta, mnyororo unakaza, kabureta inafunguka. Likianza kuteremka, kinyume chake. Vizito, mpira, hewa na mnyororo wa shanga, na gari la tani moja na nusu linashika mwendo wake saa nzima. Mimi nimefungua vifaa vingi vya magari katika maisha yangu, na vichache vinanipa furaha kama hiki.

Lakini angalieni kinategemea nini: vakyumu. Na hapo ndipo ugomvi na misuli unapoanzia. Injini iliyotulia inatoa vakyumu ya inchi 18 hivi za zebaki ikiwa imesimama inanguruma. Injini ya mashindano, yenye kamshafti inayoacha valvu wazi muda mrefu, inaweza kutoa 10 au chini ya hapo. Hata breki za kusaidiwa zinaanza kulalamika. Kwa hiyo zile injini kali kabisa, ambazo zinapigwa picha kwenye kalenda, hazikuwa rafiki wa kifaa hiki. Na zile zenye kabureta tatu, kama Tri-Power ya Pontiac, zina mikono ya kufungua kabureta kwa awamu, jambo linaloongeza taabu.

Halafu kuna difu. Mtu aliyeagiza difu ya 4.10, ambayo shafti inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja, ili aruke vizuri kwenye taa, akienda maili 60 kwa saa injini yake inazunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Kelele tu zitamtoa barabarani kabla ya petroli. Huyo kruzi ya nini?

Ndiyo maana magari haya yakikutwa na kruzi ni machache, na ndiyo maana watu wakaamini kwamba hayakuwa nayo. Kijana wa miaka 22 mwenye dola 50 za ziada alinunua difu au mita ya mizunguko ya injini. Simlaumu.

Kuna upande wa pili, na huu nataka muuchukue mwende nao. Injini kubwa iliyotulia, yenye ujazo mwingi na kamshafti ya kawaida, ndiyo injini bora kuliko zote kwa kruzi ya vakyumu. Fikirini. Kruzi ya vakyumu kwenye injini ndogo inashindwa mlimani, kwa sababu mlima unataka kabureta ifunguke sana, na kabureta ikifunguka sana vakyumu inakufa, na vakyumu ikifa kopo halina nguvu ya kuvuta. Gari linadorora palepale linapohitaji msaada. Injini ya inchi za ujazo 400 au 455 haina shida hiyo. Inapanda mlima na kabureta imefunguka kidogo tu, vakyumu iko juu, mnyororo umekaza. Nguvu ile ile inayochoma matairi ndiyo inayoshika maili 65 bila kutetereka.

Kwa hiyo tafuteni kruzi pale nguvu na starehe zilipokutana. Oldsmobile Cutlass Supreme SX ya 1970: ujazo wa inchi 455, otomatiki peke yake. Monte Carlo SS 454 ya mwaka huo huo, nguvu-farasi 360 ndani ya gari ambalo mtu angelipeleka kanisani. Pontiac GTO yenye otomatiki na kiyoyozi. Walioyanunua walikuwa wateja wenye umri kidogo, wenye kazi na watoto, wenye barabara mpya mbele yao. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alikuwa ametia saini sheria ya barabara kuu za kuunganisha majimbo, maili 41,000 kwa mpango wa wakati ule. Chicago hadi Denver ni kama maili 1,000, na sehemu kubwa ya njia ni tambarare ya mahindi. Wengi wenu hapa mnaendesha malori kwenye barabara hizo hizo, mnajua kifundo cha mguu kinavyouma saa ya sita. Yule aliyetia alama kwenye K30 alikuwa ameshausikia mguu huo.

Mwisho wa enzi mnaujua. Bima zilipanda, sheria za moshi zikaja, viwanda vikapunguza mgandamizo wa injini kuanzia 1971, na Oktoba 1973 Waarabu wakafunga mafuta. Januari 1974 Rais Nixon akatia saini kikomo cha maili 55 kwa saa nchi nzima. Misuli ikanywea, na kruzi ikapata umaarufu ambao haikuwahi kuwa nao, kwa sababu sasa ilinunuliwa kama njia ya kuokoa petroli na kukwepa faini. Naona ni haki kidogo kwa Teetor, aliyekuwa bado hai. Alifariki mwaka 1982.

Sasa maneno ya gereji, na hapa sitacheka na mtu. Kifaa hiki kinavuta mafuta ya injini kubwa bila idhini ya mguu wako. Kikiwa kibovu kinaweza kukuua.

Kwa hiyo ukikikuta, usianze kwa kukijaribu barabarani. Anza kwenye pedali ya breki. Kiwanda kiliweka njia mbili za kukizima, na kila moja inajitegemea. Ya kwanza ni swichi ya umeme inayokata solenoidi. Ya pili ni valvu ndogo karibu na mkono wa pedali, inayofungua hosi na kuingiza hewa ya nje kwenye kopo mara tu unapogusa breki, vakyumu ikapotea na kabureta ikajifunga, hata kama swichi ya umeme imeungua. Nimeona magari ambayo valvu ile imezibwa kwa skrubu kwa sababu ilikuwa inavuja na injini inakohoa. Anayefanya hivyo ameondoa breki ya pili ya kifaa na kuacha kifaa chenyewe kikifanya kazi. Zote mbili zifanye kazi au kruzi nzima ikatwe umeme hadi zitengenezwe.

Baada ya hapo, kebo. Kebo kavu inayoruka-ruka inavizungusha vizito kwa mikiki, na gari litasukasuka barabarani kama linaloendeshwa na mwanafunzi. Lainisheni kebo zote mbili kabla ya kulaumu kiboksi. Kisha hosi, mpira wa miaka 50 unapasuka upande wa chini ambapo jicho halifiki, kwa hiyo upimeni kwa pampu ya vakyumu ya mkono, si kwa kutazama. Kiwambo ndani ya kopo nacho vivyo hivyo: vuta vakyumu, ziba, subiri, sindano ikishuka kimetoboka. Mnyororo wa shanga ulegee kidogo tu injini ikiwa imetulia. Ukiukaza, kabureta haitafunga vizuri na utamaliza siku nzima ukitafuta kwa nini injini inazunguka juu. Na kruzi ikishika mwendo tofauti na ule uliobonyezea, mara nyingi tiba ni kuuzungusha ule mrija wa hewa kidogo, si kununua kifaa kipya. Mvua ikinyesha, izime. Magari haya hayana kitu cha kuzuia tairi kuteleza, na kifaa kikihisi mwendo umepungua kitaongeza moto tu.

Sasa ile habari ya kebo mbili. Kuna mteja aliyeniletea gari alilokuwa amelirudisha kutoka gereji nyingine, limepakwa rangi vizuri, limesafishwa hadi linang'aa. Kitu kimoja kilinisumbua: kwenye ukuta wa injini kulikuwa na matundu mawili ya skrubu yasiyo na kazi, na hosi fupi kwenye manifoldi iliyozibwa kwa boliti. Kebo ya spidomita ilikuwa mpya, moja, ndefu. Walikuwa wameing'oa kruzi ya kiwandani ili gari lionekane la mbio. Mwenye gari hakuwa na habari kwamba alikuwa nayo, na vipande vilishatupwa. Tulichukua muda mrefu kuvitafuta tena kwenye maskrepa, na vingine tulivipata kwenye sedani za kawaida za mwaka ule.

Basi kabla hamjafungua skrubu yoyote, tafuteni karatasi. Pontiac ziko vizuri zaidi kuliko wote: Pontiac Historic Services watakutumia nakala ya hati ya gari lako kutoka kumbukumbu za kiwanda, pamoja na vilivyoagizwa. Kwa Ford, Mercury na Lincoln za kuanzia 1967, Kevin Marti ana haki ya kutumia data za Ford, na Marti Report itakuambia gari lilitoka na nini. Kwa Chevrolet, Oldsmobile na Buick mambo ni magumu. Hapo mnatafuta karatasi ya kuundia gari, ambayo mara nyingine imejificha juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za kiti, imekunjamana na kuliwa na panya, lakini namba K30 ikisomeka inatosha. Magari ya Chrysler yana kibati chini ya boneti chenye herufi na namba za vilivyofungwa.

Na kama karatasi hazipo, someni gari lenyewe. Kebo mbili. Ile valvu ndogo kwenye breki. Tundu la waya kwenye kijiti cha indiketa. Mtu anayefunga kruzi ya dukani hawezi kukumbuka yote hayo.

Nimeleta gari, liko nje, boneti iko wazi na karatasi yake ya kiwanda iko kwenye kiti cha abiria. Pampu ya mkono iko mezani. Wenye tochi watangulie upande wa dereva, waanze na ile valvu ya breki, nami nitajibu maswali palepale.